Mstari wa Kuotea, Makanyagio

Jirani zangu wa Makanyagio, hapa Mpanda, bado wananicheka, na kijana wa bodaboda niliyekuwa namheshimu sasa ananiita "VAR".

Ilikuwa jioni ya mechi ya watani wa jadi. Sebule ilijaa, watoto wakakaa juu ya magunia ya mpunga. Nikaivua kitambaa kwa madaha TV ya marehemu mjomba: chogo, inchi 14, nyeusi na nyeupe, kabati lake la mbao. Nikabonyeza, nikawaomba wageni subira, maana mashine ya heshima hupasha moto kwanza. Ikawaka. Katikati ya giza la kioo ukatokea mstari mmoja mweupe, mwembamba, kutoka kushoto hadi kulia. Basi. Mtangazaji anasikika safi, anawataja wachezaji kwa majina, na wote 22 wamelala humo mstarini.

"Mjomba," akasema yule kijana, "tulieni jamani, hapo wanapima kuotea."

Walicheka mpaka wengine wakashikilia ukuta. Kisha wakahamia kibanda umiza cha mtaa wa pili, na karanga zangu wakaondoka nazo.

Hawakunipa nafasi ya kueleza, kwa hiyo utanisikiliza wewe. Nyuma ya lile chogo kuna shingo ya kioo, na ndani yake kijiwaya kinachopata moto na kukipasha kijibomba cha chuma kinachotema elektroni. Umeme wa zaidi ya volti 10,000 huzivuta mbele, zikagonge unga uliopakwa upande wa ndani wa kioo, na pale zinapogonga panawaka nukta. Nukta moja! Picha zote ulizowahi kuona kwenye chogo la nyeusi na nyeupe, taarifa ya habari, harusi ya dada yako, ni nukta moja inayokimbia kuliko jicho lako. Koili zilizovishwa shingoni ndizo zinazoiendesha: jozi moja huipeleka kulia na kuirudisha mara 15,625 kwa sekunde, jozi nyingine huishusha mara 50. Mlio wa hiyo 15,625 watoto huusikia kama filimbi nyembamba. Sisi watu wazima masikio yameshastaafu. Na kila nukta inaporudi kushoto, kile kishindo cha kurudi hunaswa na transfoma iitwayo flaibaki, ambayo ndiyo huzalisha zile volti elfu kumi na zaidi. Hakuna kinachopotea bure. Aliyebuni haya angeachiwa bajeti ya kaya yangu.

Sasa, jozi ya kushusha ikikosa umeme, mistari yote 625 hulaliana mahali pamoja. Maana yake mechi ilikuwepo sebuleni kwangu, yote, bila kukosa hata kona moja. Ilikosa kimo tu.

Fundi wa sokoni alikuwa na dawa yake. "Mjomba, hilo tumbo tunalitoa, tunakuwekea flati humo humo kwenye kabati. Nani atajua?" Mimi nitajua. Wapo watu Ulaya na Marekani ambao kapasita, kile kikopo cha kuhifadhi umeme, ikikauka huipasha moto ya zamani, huitoa matumbo, huingiza mpya ndogo ndani ya ganda lile lile, kisha huziba kwa nta. Ukifungua mgongo wa TV unakuta kila kitu kilivyotoka kiwandani. Nimezifanyia hivyo kapasita zangu, kwa mshumaa, mezani jikoni, huku mke wangu akiuliza ugali utasongewa wapi. Na ule mstari? Ufa wa unywele kwenye risasi ya kuunganishia, risasi ile ile ya kiwandani. Hata ubovu ulikuwa halisi.

Mpanda tungepaswa kuiheshimu risasi: madini yake ndiyo yaliyovuta reli kutoka Kaliua hadi hapa enzi za Mwingereza.

Marehemu mjomba alinunua TV hii wakati Tanzania Bara haina kituo hata kimoja. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Bara tulisubiri hadi 1994. Kwa hiyo aliiunganisha na deki ya video, akaonyesha mikanda. Baadaye mitambo ya analojia ikaanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, na deki ikarudi kazini: king'amuzi kinatoa waya tatu, TV ina tundu la antena tu, deki inakaa katikati kama mkalimani.



Nilipouziba ule ufa wachezaji wakasimama wima. Siku ya pili umeme ukakatika, ukarudi na volti za kulipiza kisasi, flaibaki ikatoa moshi. Hapo kicheko kikaniishia. Kuitafuta nyingine ndiko kulikonifikisha kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Machogo yanavunjwa kwa nyundo, koili zinachomwa ili zitoe shaba, shaba inapimwa kwa kilo, vioo vinatupwa korongoni. Tulihimizwa kununua ving'amuzi. Sikumsikia mtu akisema machogo yapelekwe wapi.

Natafuta flaibaki ya inchi 14, nyeusi na nyeupe. Mwenye nayo Mpanda, Inyonga, Karema au hata Sumbawanga, tafadhali asiichome. Na kabla hajalifungua chogo, ajue kioo hutunza umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani. Amwite fundi autoe kwanza.