Sifa za Mfuatano wa Herufi Usiojua Urefu Wake

Katika vitu vyote vilivyotungwa na akili za binadamu ndani ya kompyuta, sijui hata kimoja kilichoshutumiwa kwa miaka mingi, tena na watu wenye elimu, pasipo mtu kusimama kukitetea, kama mfuatano wa herufi wa lugha ya C. Na maadamu insafu yataka kila mwenye haki apewe haki yake, nimekusudia kuutolea sifa unazostahiki, hasa pale unaporefuka kidogo kidogo ilhali programu inaendelea na kazi, kwani hapo ndipo fadhila zake zote hudhihirika kwa pamoja.

Nasaba yake ni tukufu. Lugha ya C iliundwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, New Jersey, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ikatokana na lugha ya B ya Ken Thompson, nayo B ilikuwa mtoto wa BCPL ya Mwingereza Martin Richards. Katika BCPL mfuatano ulitanguliza idadi ya herufi zake, na aliyetaka kuujua urefu aliusoma palepale mlangoni. Thompson aliiondoa hesabu ile akaweka alama ya kikomo mwishoni, na katika C alama hiyo ikawa baiti moja yenye thamani ya sifuri. Ritchie alieleza baadaye kwamba sababu zilikuwa mbili: idadi iliyohifadhiwa katika biti 8 au 9 ingeuwekea mfuatano mpaka, na kuitunza hesabu kulionekana kuwa na usumbufu zaidi kuliko kuweka kikomo. Kwa hiyo usumbufu ambao waungwana hao walijiepusha nao katika maabara moja, wakaugawa bila ubahili kwa kila mwandishi wa programu duniani, na mpaka hivi leo haujapungua.

Fadhila ya kwanza ya mfuatano huu ni unyenyekevu. Haujui urefu wake, wala haudai kuujua. Ukiuuliza kwa amri ya strlen, amri hiyo huanza kwenye herufi ya kwanza ikaenda hatua kwa hatua mpaka iikute sifuri, na ukirudia swali lile lile baada ya kitambo kidogo, hushika njia ile ile upya kana kwamba haikupata kuipita. Ukitaka kuongeza herufi mwishoni kwa strcat, safari hiyo hutangulia kwanza. Basi mtu akusanyaye herufi 10,000 moja moja kwa namna hii, huifanya mashine yake ipite juu ya herufi takriban milioni 50 ilizokwisha kuziona. Wako wanaoliita jambo hili israfu. Hasha! Mashine za zama zetu zina pupa ya kupindukia, na sijui chuo kingine kinachozifundisha subira bila ada.

Lakini fakhari yake kubwa ni katika kukua. Mfuatano huomba kumbukumbu kwa malloc, ukapewa nafasi ya kadiri. Nafasi ikijaa, huomba zaidi kwa realloc, na realloc, ikiwa upande wa pili pana uwazi, huisogeza mipaka tu, ama sivyo huzinakili herufi zote mahali pengine na kuiachilia nafasi ya zamani. Ni mpangaji aliyehama usiku bila ya kuwaaga jirani. Vielekezi vyote vilivyokuwa vikimjua kwa anwani yake ya kale huendelea kubisha hodi pale pale, na pengine aliyekwisha kuingia katika nyumba ile huwaitikia kwa sauti isiyotofautika sana na yake, hata programu ikafanya kazi vizuri kwa miezi mbele ya mwandishi wake, ikaanguka mara ya kwanza mbele ya mteja. Na kuna adabu kali kuliko hiyo: mwandishi akiliandika jibu la realloc juu ya kielekezi kile kile alichoombea, na siku hiyo ombi likakataliwa, hupokea kielekezi kitupu, akapoteza anwani ya zamani na mpya kwa mpigo mmoja, ilhali herufi zake zingali salama mahali ambapo hapana ajuaye tena.

Mfuatano uongezewe kiasi gani ukijaa? Hayo ni masuala yaliyozaa madhehebu. Maulamaa wameafikiana kwamba kuongeza kiasi kile kile kila mara ni hasara, kwa kuwa kunakili huzidi upesi kuliko mfuatano wenyewe. Bali ukiukuza kwa uwiano, tuseme mara mbili kila ujaapo, jumla ya herufi zote zilizonakiliwa tangu mwanzo haifiki mara mbili ya zilizopo. Baada ya hapo ndipo walipofarikiana. Maktaba ya SDS, aliyoiandika Salvatore Sanfilippo na inayotumika katika hifadhidata ya Redis, huzidisha mara mbili mpaka megabaiti 1, kisha huongeza megabaiti moja moja kama mzee aliyejirudi baada ya ujana wa ubadhirifu. Git, chombo cha kutunza matoleo ya programu, huchukua nafasi iliyopo, hujumlisha 16, kisha huzidisha kwa moja na nusu. Wafuasi wa moja na nusu huwajibu wa mbili kwamba 1 na 2 na 4 ni 7, na 7 haitoshi 8, yaani nafasi zote zilizohamwa hata zikiunganishwa haziwezi kuupokea mfuatano unaofuata. Mimi ni wa madhehebu ya Git, ingawa nakiri kwamba sijapata kuona programu iliyookolewa na hoja hii. Niliyoyaona ni mabishano mazuri, na hayo nayo ni sehemu ya karama zake.

Ukarimu wake sina haja ya kuusimulia kwa urefu. Amri ya gets ilipokea kila kilicholetwa na mgeni bila kumwuliza kina ukubwa gani. Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell aliifungulia mtandao programu iliyojieneza yenyewe, na mojawapo ya njia zake ilikuwa kuipelekea huduma ya finger baiti 536, huduma ambayo ilisoma kwa gets na ilikuwa imetenga baiti 512. Maelfu ya mashine yakalemewa. Pamoja na hayo gets haikufukuzwa katika kanuni rasmi za lugha mpaka 2011, na katika miaka hiyo 23 imewapatia riziki mafundi wa usalama wasiohesabika, ambao sijasikia hata mmoja wao akiishukuru.

Hata hivyo wapo waliojaribu kuurekebisha mfuatano huu. Todd Miller na Theo de Raadt walileta strlcpy katika mfumo endeshi wa OpenBSD mwaka 1998, amri ya kunakili inayokata kwa heshima kile kisichoenea. Maktaba ya glibc ikaikubali 2023, baada ya kutafakari kwa robo karne. SDS, Git na maktaba ya GLib zimerudisha hesabu ya urefu aliyoiondoa Thompson, na hakuna hata moja kati yake inayoihitaji sifuri ili kujua mfuatano unaishia wapi. Walakini zote huiweka sifuri mwishoni, kwa taadhima ya amri za kale. SDS huificha hesabu nyuma ya kielekezi ili strlen ipite bila kushuku lolote, na katika Git hata mfuatano mtupu, usiopata kuomba kumbukumbu hata baiti moja, huelekezwa kwenye sifuri moja ya shirika waliyowekewa mafukara wote wa namna yake.