Tumbili na Madaftari Matatu

Msimu wa karafuu ulipofunguliwa Pemba, wanyama waliona daftari moja la rehani halitoshi. Wakaweka matatu: la Wete kwa Komba, la Chake Chake kwa Kanga, la Mkoani kwa Kaa. Linaloandikwa mahali pamoja, Popo alipeleke kwingine usiku.

Tumbili hakusoma sana, ila ratiba ya Popo aliijua. Asubuhi akaweka rehani shamba lake la Mtambile kwa Kanga; adhuhuri yuko Wete kwa Komba, mikarafuu ile ile. Magharibi Popo anapojinyoosha aanze safari, pesa za rehani zote mbili zimeshaliwa.

Kikao kikakaa Ngezi. Ikapitishwa kwamba karani asitie wino mpaka mwenzake mmoja akubali. Chukua wawili wowote leo na wawili wowote kesho, lazima mmoja awemo kote kote, naye ndiye atakayekumbuka. Popo akakubali kuruka hata mchana, kwa kununa. (Leslie Lamport, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, naye aliifumba kanuni ya namna hii katika hekaya ya bunge la kisiwa cha Paxos, Ugiriki. Wahakiki wakamtaka aondoe hekaya, abakishe hesabu. Akagoma, makala haikutoka hadi 1998. Mimi, kwa bahati, sina mhakiki.)

Vuli ikaja na mvua yake. Wete na Chake wakaendelea kusikilizana, lakini Mkoani Popo hafiki. Tumbili akaenda huko huko.

“Shikamoo, ami Kaa. Niandikie hili la Mtambile, wenzio utawaambia ikianuka.”

“Marahaba. Peke yangu siandiki.”

“Basi nisomee tu, limo au halimo?”

“Hata kusoma sikusomei. Hili langu ni la juzi. Sijui wenzangu wameandika nini tangu hapo.”

Nyuma ya Tumbili foleni imeshafika barabarani. Paa akauliza karani gani huyu, daftari analo, wino anao, kazi hafanyi. Bata akasema Wete watu wanahudumiwa. Hakuna aliyemtetea Kaa, maana aliyehifadhiwa asitapeliwe hajui kama kahifadhiwa.

Kaa akaondolewa kwa uzembe. Akawekwa mpwa wa Tumbili, kijana mchangamfu, na kabla ya adhuhuri foleni yote ilikuwa imekwisha. Mvua ilipokatika, shamba la Mtambile lilikuwa na mshika rehani wa tatu, mwenye stakabadhi na muhuri kama wenzake wawili, na Mkoani wakawa wanamchangia yule kijana zawadi ya karani bora wa msimu.