Jinsi ya Kudisko kwa Heshima

Kufeli chuo ni jambo ambalo yeyote anaweza. Kufeli halafu mtaani ukaendelea kuitwa "kichwa", huo ndio ufundi, na hakuna kitivo kinachoufundisha. Chuo kimejaza milango ya kukuokoa: wa kuacha kozi, wa kuahirisha, wa mtihani maalumu, wa sapu (mtihani wa marudio), wa rufaa. Kila mlango una tarehe ya kufungwa. Kazi yako ni moja tu: fika kesho yake. Njoo nikuelekeze, na karatasi hii mzee asiione.

1. Kitabu cha kanuni kitafutie kazi nyingine

Siku ya usajili utapewa prospektasi na almanaka. Zinafaa sana kuwekea sufuria ya wali iliyotoka jikoni. Usizisome. Ukizisoma utajua, kwa mfano, kwamba pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, A inaanzia 70, B+ 60, B 50, na C, ambayo ndiyo pumzi ya mwisho, 40. Utajua kwamba daraja la kwanza linaanzia GPA ya 4.4 na daraja la pili la juu 3.5. Utajua pia kwamba kuna vyuo ambavyo 3.49 yako havipandishi; hukata desimali ya mwisho na kukuacha na 3.4. Mtu akishayajua haya hawezi tena kushangaa matokeo yakitoka, na wewe mshangao utauhitaji sana.

2. Jisajili kwa sifa, baki kwa kiburi

Chagua kozi ambayo vipanga wanaiogopa, ili jina lako lionekane kwenye orodha moja na yao. Wiki za mwanzo za muhula chuo hukuruhusu kuiacha: unajaza fomu, mkuu wa idara anasaini, kozi inafutika kama hukuwahi kuigusa. Usikubali. Kuacha kozi wiki ya pili ni kukiri mbele ya idara nzima. Subiri test ya kwanza. Ukipata 4 kati ya 20 sema ulikuwa unapasha. Test ya pili ikikupa 5, hapo kimbia ofisini na fomu yako.

Mlango utakuwa umefungwa. Safi kabisa. Sasa acha kwenda darasani na ujiambie umeiacha kozi. Umeiacha wewe, yenyewe bado inakutambua. Jina liko kwenye orodha ya watahiniwa, na kukosa mtihani bila sababu ya msingi ni kosa ambalo kanuni za vyuo vyetu huwa hazilicheki. Hata ukihurumiwa ukaandikiwa E, hesabu haikuhurumii: sifuri yako inazidishwa kwa yuniti 3 inabaki sifuri, lakini zile yuniti 3 zinabaki chini, kwenye kigawanyo, zinaila GPA ya kozi ulizofaulu.

3. Mahudhurio: tafuta mkono wa kukodi

Chuo kinataka asilimia 75. Kozi ikiwa na vipindi 30, unaweza kukosa 7. Msomaji wa kawaida huona hiyo ni akiba ya malaria na misiba. Wewe ione ni likizo ya mwaka na uimalize kabla ya mwezi wa pili wa muhula. Malaria ikija, mwite CR, yule kiongozi wa darasa.

CR wako amtafute mtu wa kukusainia. Hapa ndipo wanagenzi huharibu. Karatasi inaanzia mbele na majina manne, inapanda ukumbi taratibu, inafika viti vya nyuma na majina sabini. Mhadhiri anainua macho, anahesabu vichwa: arobaini na kitu. Anaitazama tena. Majina sita ya mwisho yameandikwa kwa kalamu moja ya kijani, herufi "g" zote zina mkia uleule, na mmoja wa waliosaini aliahirisha mwaka tangu Novemba. Kwa hiyo mwambie rafiki yako abebe kalamu mbili. Huo ndio uwekezaji pekee nitakaokudai.

Tahadhari: mbinu hii haitumiki siku ya kusaini bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo. Siku hiyo hakuna anayemsainia mwenzake. Hata aliyelazwa atakuja na dripu, kidole kimefutwa vizuri kisije kikakataliwa na mashine.

4. Koziweki ni kazi ya pamoja, hasa ya wengine

Kwa kawaida koziweki, yaani kazi na test za muhula, ina alama 40 na UE, mtihani wa mwisho, ina 60. Hizi 40 zipate kwenye kikundi. Tafuta kikundi chenye dada mmoja makini asiyeweza kulala kazi ikiwa haijaisha. Katika kikao cha kwanza ongea sana. Sema "tuipanue zaidi dhana". Kikao cha pili kimekushinda kwa sababu za kifamilia. Siku ya kukabidhi jitolee kulipia uchapishaji na stepla, na uhakikishe jina lako halina kosa la herufi. Mhadhiri akiomba mtu wa kuwasilisha, mpe nafasi dada. Sema unaamini katika usawa wa kijinsia.

5. Usiku wa pepa, piga hesabu

Mwenzako anapiga msuli, wewe shika kikokotoo. Nina 22 za koziweki, kufaulu ni 40, nahitaji 18 tu kati ya 60. Kumi na nane! Hesabu hii huleta usingizi mzuri kuliko dawa yoyote. Usiulize kama chuo chako kina kiwango cha chini kwenye mtihani wenyewe. Vipo vyenye hicho kiwango, na utamharibia mtu usingizi.

Asubuhi utamwona jamaa anaingia na desa kwenye soksi. Mwonee huruma. Kulipunguza desa mpaka lienee kiganjani kumemlazimu alisome lote, achague la muhimu, aandike upya kwa mkono. Amesoma bila kujua, na akikamatwa atafukuzwa kama aliyekuwa hajasoma.

6. Ugua kwa wakati usiofaa

Ukiugua kabla ya mtihani, ukapeleka taarifa na cheti cha daktari, unaahirisha. Ukija kufanya mtihani maalumu unahesabiwa kama ndiyo mara yako ya kwanza, na A yako inabaki A. Sapu ni kitu kingine: hata ukiandika majibu ya kufundishia, vyuo vingi hukuandikia C na kukuaga.

Kwa hiyo ingia chumba cha mtihani na homa yako, kiume. Andika jina, chora mstari, toka baada ya nusu saa ukiwa umenyoosha shingo. Matokeo yakibandikwa, hapo sasa kumbuka kwamba uliumwa. Peleka barua ndefu. Karani wa mitihani ataisoma mpaka mwisho, kisha atakuuliza swali moja: "Si ulikaa ukaandika?"

7. Sapu ni ya wenye bahati

Wengi hudhani sapu ni haki ya kila aliyefeli. Kuna vyuo ambavyo GPA ya mwaka ikishuka chini ya 1.8, husapuki, unadisko moja kwa moja, yaani unaondolewa chuo. Ukipona, waambie nyumbani unawahi chuo kwa ajili ya semina ya viongozi. Ukikutana na mwanadarasa kwenye korido tupu ya Septemba msisalimiane. Ukifeli tena, beba keri, yaani hiyo kozi iliyokushinda, uiunganishe na kozi za mwaka unaofuata, zinazogongana nayo kwenye ratiba kila Jumanne.

8. Toa taarifa

Jina likishabandikwa, kata rufaa. Ada yake ndogo itakununulia wiki kadhaa za kusema "suala liko kwenye ngazi za juu". Kisha piga simu nyumbani. "Shikamoo baba. Kuna mhadhiri mmoja ananifuatilia." Usiongeze neno. Mama atamalizia mwenyewe, na kufikia Jumapili kanisa zima litakuwa linamjua huyo mhadhiri.

Usihuzunikie picha ya joho. Noti ya shilingi 500 ilikuwa na wahitimu mbele ya Ukumbi wa Nkrumah wa pale Mlimani. Ilichakaa mikononi mwa watu, na mwaka 2014 ikaletewa sarafu. Kinachodumu ni mkopo. Bodi ya Mikopo haijali kama ulihitimu: siku ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa, hata kwa lile joho ambalo hukulivaa.

Na mdogo wako akipata udahili mwakani, usimwachie prospektasi aisome peke yake. Mkalishe chini, agiza soda kwa hela yake, umwelezee chuo kilivyo. Wewe ndiye mzoefu.