Jibini Haingoji Hotuba

Chakula cha sherehe ya Goma sharti kijue kungoja. Sombe, yaani kisamvu, hungoja. Maharage hungoja, na yakicheleweshwa sana ndiyo hukolea. Nyama ya mbuzi, ndizi, wali, hata samaki wadogo wa sambaza waliokaangwa tangu asubuhi, vyote hulala kwenye sufuria zilizofunikwa huku mchungaji akiomba, shefu wa mtaa akikaribisha, msemaji wa upande wa baba akishukuru, msemaji wa upande wa mama akishukuru kumzidi, na kijana wa protokole, mwenye kipaza sauti na suti ya kuazima, akitangaza kwamba sasa tutasikia neno fupi. Wageni huvumilia yote, maana wanajua sombe haiendi popote.

Sasa wapelekee watu hao kitu kinachotakiwa kuliwa dakika ileile kinapotoka kwenye mafuta.

Wazo lilitoka Brussels. Mdogo wangu wa kike anaishi huko, na kama ndugu wengi walioko Ulaya, hutuma pesa zikiwa zimefungamana na maagizo. Sherehe ilikuwa Kanyaruchinya, kwa yaya wetu, dada mkubwa, ambaye kijana wake alikuwa amepita Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, mwishoni mwa mwaka 2021. Alipata asilimia 54. Kwetu anayepata 50 amepita, na zinazozidi hapo ni pambo. Tena hakuna aliyethubutu kuzicheka zile 54, kwa sababu mwaka ule kila mtu wa barabara ya Rutshuru alikumbuka jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei, volkeno ya Nyiragongo ilipopasuka ubavuni, lava ikaikata barabara na kwenda kusimama Buhene, mlangoni mwa mji. Siku chache baadaye sehemu kubwa ya Goma iliambiwa ihame. Kijana alirudia kemia yake Sake, chini ya turubai la watu asiowajua, ardhi ikitetemeka kila alipofika kwenye asidi.

Kwa hiyo tulitaka sherehe ya heshima, na Brussels akasema sherehe ya heshima haianzi na karanga. Ubelgiji wana krokete za jibini, vipande vya kukaangwa ambavyo nje hukauka na ndani huwa uji, na karibu kila baa huviuza. Akauliza, kwa ujumbe wa sauti mrefu kuliko mahubiri: sisi tunaokaa chini ya milima ya Masisi, wenye jibini yetu wenyewe, kwa nini miaka yote tunaikata vipande na kuibandika kwenye mkate?

Hapo hakuwa na kosa. Mapadri kutoka Ulaya walianza kuwafundisha watu wa Masisi kutengeneza jibini katika miaka ya 1970, na tangu hapo milima ile haijaacha. Maziwa ya ng'ombe hugandishwa, hukamuliwa maji, hutiwa kwenye kalibu za mviringo, huloweshwa kwenye maji ya chumvi, kisha hupangwa juu ya mbao yakomae. Kinachotoka ni bonge la manjano, ndugu wa Gouda ya Uholanzi, linaloshuka kwa pikipiki hadi Sake na kuingia mjini hata katika miaka ambayo watu wenyewe hawawezi kupita. Zamani ukisema unapanda ndege kwenda Kinshasa, hakuna aliyekuuliza unakwenda kufanya nini. Walikuuliza kama umebeba fromaji.

Yaya alipinga kidogo. "Fromaji inakaangwaka?" aliuliza, akiitazama simu kana kwamba mdogo wetu amepatwa na homa. Nikamkumbusha kwamba hata sambaza si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo tunamla na bugali kama vile babu zetu ndio waliomzaa. Yaya akasema sawa, ila nipike mimi, maana yeye hatajibu maswali ya watu.

Soko la Virunga nitalipita haraka. Noti moja ya Brussels ilikuwa na mpasuko ambao mimi niliuona baada ya kuvaa miwani, na mama wa jibini aliuona akiwa upande wa pili wa meza. Nchi hii inaweza kusamehe mengi, lakini dola iliyochanika haisamehewi. Nilizunguka Birere hadi nikampata mtu aliyeipokea kwa bei ya huruma, akakata faida yake, nami nikarudi na jibini pungufu kidogo.

Kazi ilianza usiku wa kuamkia sherehe. Unayeyusha siagi, unatia unga, unamimina maziwa ukikoroga mpaka yawe mazito, ndipo unatia jibini iliyokunwa na pilipili. Ukishamaliza unatandaza kwenye sinia. Mpaka hapo Masisi na Ubelgiji walielewana vizuri. Halafu Brussels akasema, kwa sauti ya mtu anayekwambia uongeze chumvi: "Uweke kwenye frigo usiku kucha."

Lazima nieleze kwa nini hilo halikuwa anasa. Jibini hii imegandishwa kwa kimeng'enya, kile cha tumbo la ndama, na jibini nyingi za namna hiyo zikipata moto hulegea, mafuta yake hutoka, zikakimbia. Kuna jibini nyingine, kama ile Wahindi wanayoigandisha kwa ndimu, ambayo unaweza kuikaanga mchana kutwa na isiyeyuke. Hiyo hatukuwa nayo. Ya kwetu ilitakiwa iingie kwenye mafuta ikiwa baridi sana, ili ganda la nje likauke kabla ya tumbo kupata habari.

Frigo ya karibu ilikuwa ya buveti, na mwenye buveti alifanya hesabu mbele yangu: sinia moja ni chupa kadhaa za bia ya Primus zitakazolala nje zikipata joto, na chupa yenye joto haina mteja. Tulipatana kwa kunipa robo ya rafu. Nilikuwa sijafika nyumbani umeme ukaenda zake, na kwa upande wetu umeme ukienda hauagi wala hausemi utarudi lini. Ni yaya aliyelimaliza jambo. Alichukua sinia, akalifunika kwa sinia jingine, akaliweka juu ya mabati ya jiko na kulikandamiza kwa mawe, kwa sababu mawe ndiyo mali pekee isiyopungua Kanyaruchinya. Goma yenyewe iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na huku tunapanda zaidi, tukielekea mguuni pa mlima wa mita 3,470. Usiku ule ulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Asubuhi mchanganyiko ulikuwa umeshikana, unakatika kwa kisu bila ubishi. Mlima uliotufukuza kwa moto mwezi wa Mei ulikuwa umetulipa kwa baridi.

Nikatoka uani na kukuta washauri wamekwisha fika. Sikumwita yeyote. Kwetu ukiwasha mbabula, jiko la makaa, uani, umeitisha mkutano. Mama jirani alikuwa amekalia bido la maji lililokuwa letu, akiangalia vipande vyangu vyeupe vikipangwa. Suala la kwanza lilikuwa kusimamisha sufuria. Kanyaruchinya haina ardhi tambarare, ina mawe meusi yaliyokubaliana kwa muda. Mbabula iliinama upande wa kusini, mafuta yakajaa upande mmoja, upande wa pili ukabaki na utando tu. Tulichomeka vipande vya mawe chini ya mguu mmoja, ikainama kaskazini. Kila mshauri alikuwa na jiwe lake na nadharia yake. Mwisho tukaiacha iiname, tukakubaliana kukaanga kwenye kina.

Hapo ndipo lilipotokea la poda.

Msomaji asiye Mkongomani ajue kwamba kwetu anayepita Exetat hapongezwi kwa mkono mtupu. Anamiminiwa poda ya watoto kichwani, shingoni, mpaka kwenye kola, na anatembea mtaani akiwa mweupe ili hata wasiosoma wajue matokeo. Poda ya kijana wetu ilikuwa imewekwa tayari kwenye bakuli. Unga wangu wa ngano, wa kupakia jibini kabla ya yai na mkate uliosagwa, nao ulikuwa kwenye bakuli. Mabakuli yalinunuliwa pamoja, yana maua yaleyale. Shangazi wa kijana alitoka ndani akipiga vigelegele, akakamata bakuli lililokuwa karibu, na kabla sijafungua mdomo ngano yangu yote ilikuwa imekwisha pata diploma.

Kijana alipokelewa kwa ngoma, akacheza, akatoka jasho. Unga ukipata maji hufanya kazi yake. Kufikia wimbo wa tatu alikuwa na ukoko kwenye nyusi, na kila aliyemkumbatia aliondoka na sehemu yake.

Mimi nilikuwa nimegeuka kuwafukuza watoto kwenye mafuta, kwa hiyo sikuona kwamba binti aliyekuwa akinisaidia alivuta bakuli lililobaki na kuendelea kupaka kwa bidii. Vipande vya kwanza vikaingia. Uani kukaanza kunukia mtoto mchanga aliyetoka kuogeshwa. Mama jirani akanusa, akageuka huku na huku, akauliza nani amejifungua.

Tulimwaga vipande vile, na mafuta, jambo lililoumiza zaidi. Brussels, alipoulizwa kwa simu afanye nini mtu asiye na ngano, alisema haiwezekani bila ngano. Yaya akaleta unga wa mihogo. Ninasema kwa uzito wote nilio nao: unga wa mihogo unashinda. Unakauka upesi, unalia kwenye meno, hauchukui mafuta mengi. Wabelgiji waambiwe.

Mama jirani alionja cha kwanza kilichofaulu, akatafuna kwa muda, akatoa hukumu: "Iko muzuri. Haina nguvu." Nikamwambia pilipili iko ndani. Akasema ya ndani ni ya ndani. Nilipokwenda kutafuta protokole, alichanganya pilipili kavu ya kutwanga kwenye mkate uliosagwa, kwa kipimo cha kiganja chake, na kiganja chake kimelima.

Na protokole nilimtafuta kwa sababu ya zile hotuba. Nilimwomba anipe ishara ya dakika tano. Akaniambia hawezi kukadiria wazee. Basi nikaweka mtoto kwenye kona ya turubai: msemaji wa mwisho, ambaye siku hiyo alikuwa shefu wa mtaa, akitamka "kwa kumaliza", ainue mkono, nami nitumbukize. Mpango ulikuwa mzuri. Shefu alisema kwa kumaliza, mkono ukainuka, sinia zima likakaangwa. Ndipo shefu akaingia kwenye historia ya elimu tangu wakati wa Wabelgiji. Akasema tena kwa kumaliza, mkono ukainuka, nikatumbukiza nusu. Akawakumbusha wazazi kuhusu usafi wa mitaro. Krokete za awali zilikuwa zimekwisha kuwa kitu ambacho fundi viatu angekithamini. Watoto walizila bila malalamiko, jambo lililonifariji na kunitia wasiwasi kwa pamoja.

Aliposema kwa mara nyingine kwamba anamaliza, sikumwamini, na ndipo alipomaliza kweli.

Tulikaanga kwa mbio. Sinia liliingia likitoa moshi, na kwa adabu likaanzia meza ya mbele. Watu wa huku wanaijua lava. Mwaka 2002 na mwaka 2021 waliiona ikipoa juu, ikawa nyeusi na ngumu, na kila mama alimfunga mtoto wake asikanyage, maana chini yake moto ulikuwa hai. Pamoja na elimu hiyo yote, shefu aliichukua krokete, akaona ganda limekauka, akaiuma katikati.

Alikuwa mtu wa heshima, hakupiga kelele. Macho yalijaa. Moto wa kwanza ulikuwa wa jibini, wa pili ukafuata polepole, wa pilipili ya ndani, kisha ya nje ikajiunga. Aliomba maji. Maji hayasaidii, kwa sababu kiini cha ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Ukinywa unakisambaza tu kwenye sehemu za ulimi ambazo zilikuwa bado na amani. Bia vilevile. Dawa ni maziwa, au kitu chochote cha maziwa, maana protini yake huushika ule ukali na kuuondoa. Nilikuwa na kipande cha jibini tupu kilichobaki, nikamkimbilia nacho. "Shefu, kula hii, itapoza." Alikitazama kile kipande, akanitazama mimi, na katika macho yale yenye maji nilisoma kwamba anadhani nimetumwa.

Alikila hatimaye, kwa ushauri wa mchungaji. Baada ya muda akavuta pumzi, akajipangusa, akanyoosha mkono na kuchukua krokete nyingine. Hii aliipuliza. Meza za nyuma zilipoona hivyo zilianza kudai zamu yao, na kwa saa nzima sikutoka kwenye mbabula. Sombe ilingoja.

Siku zilizofuata, ukipita barabarani asubuhi, ungemkuta mama jirani na sufuria yake, akiwauzia wanafunzi na watu wa pikipiki vidonge vya moto vya unga wa mihogo, vyenye pilipili ya nje na ya ndani. Alivinadi kwa sauti: fromaji, fromaji ya Ubelgiji! Jibini ilikuwamo, aliapa, na nilipokipasua kimoja kwa makini niliona uzi mmoja wa manjano. Nikamuuliza kama ndugu wa mwenye wazo hupewa bure. Akacheka, akahesabu franga zangu, akanirudishia moja iliyochanika.