Namna ya Kugawana Kampuni Kabla Hamjagawana Matusi

Kampuni changa nyingi hugawanywa kwenye meza ya chipsi mayai, dakika chache kabla bili haijaletwa. Mko wawili, mnapendana, kampuni haina hata shilingi, na mmoja anasema, "Kaka, sisi ni ndugu, tugawane nusu kwa nusu." Mwenzake anaitikia haraka asije akaonekana mroho. Hapo hapo picha inapigwa na kurushwa Instagram: waanzilishi! Nawaomba kwa moyo wote, picha isubiri. Kuna kazi.

Anzeni kwa kukubali kwamba mna maswali mawili mezani. Nani anamiliki? Nani anaamua? Mwenye daladala yuko nyumbani anasubiri hesabu ya jioni, lakini kituo cha kusimama na abiria wa kuachwa anavijua dereva. Kampuni nayo ina hesabu na ina usukani, na watu wawili wanaoweza kugombana juu ya kimoja wanaweza kugombana juu ya vyote viwili.

Chukueni mfano wa Apple: ilianza tarehe 1 Aprili 1976 ikiwa na watu watatu. Steve Jobs alikuwa na asilimia 45, Steve Wozniak 45, na Ronald Wayne 10. Wayne alifanya kazi na Jobs kwenye kampuni ya Atari, na alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 40 kati ya vijana wa miaka ishirini na kitu. Mkataba aliuandika yeye, kurasa tatu tu. Asilimia zake 10 zilikuwa chache kwa mali lakini nzito kwa kura: vijana wakivutana, yeye ndiye wa kuamua. Karatasi ile ilitaja nani anashughulika na nini, na ilitaka matumizi yanayozidi dola 100 yakubaliwe na angalau wawili. Naupenda mkataba ule. Vijana wanaotafuta mwanasheria wa bei mbaya waanze kwa kuandika kurasa tatu kama zile, kwa lugha wanayoielewa wenyewe.

Siku 11 baadaye Wayne akajitoa. Jobs alikuwa amepata oda ya kompyuta 50 kutoka duka la Byte Shop na vipuri vikachukuliwa kwa mkopo. Wao watatu walikuwa wabia, hawakuwa na kampuni inayobeba madeni yake yenyewe, kwa hiyo mdai angemfuata yeyote mwenye kitu. Vijana hawakuwa na kitu. Wayne alikuwa nacho. Akalipwa dola 800, na baadaye 1,500 ili asidai tena chochote. Watu wanamcheka mpaka leo, nami namtetea kabisa: alisoma alichokitia saini, jambo ambalo waanzilishi wengi hawajalifanya. Hapa kwetu, jina la biashara mlilosajili kwa wakala wa usajili, BRELA, kwa sababu ni rahisi na nafuu halijawapa kampuni. Deni likikaa vibaya, mdai anaweza kuwafuata mpaka kwenye friji ya nyumbani. Sajilini kampuni yenye dhima ya kikomo kwanza, ndipo mzungumze asilimia.

Asilimia zenyewe zina ncha. Kwa sheria za Tanzania na Kenya, azimio la kawaida la wanahisa hupita kwa zaidi ya nusu ya kura, na azimio maalumu, kama la kubadili katiba ya kampuni, linataka robo tatu. Mkurugenzi anaweza kuondolewa kwa azimio la kawaida. Kwa hiyo ndugu yangu unayepewa 49 ukaona umepungukiwa mbili tu, fahamu kwamba mwenzako anaweza kukutoa kwenye ukurugenzi, na kura zako zote hazitoshi kumzuia. Ulicho nacho ni kuzuia maazimio maalumu. Na nyinyi wa nusu kwa nusu, siku mkitofautiana hakuna azimio litakalopita, hata la kununua jenereta. Sisemi muuache mgawanyo huo. Semeni tu mapema kwamba mambo ya bidhaa neno la mwisho ni la huyu na mambo ya fedha ni la yule, mtafuteni mkurugenzi wa tatu mnayemheshimu nyote, na andikeni bei itakavyopatikana mmoja akitaka kumnunua mwenzake.

Tukirudi kwa Jobs: mwaka 1985 aligombana na John Sculley, ambaye Jobs mwenyewe alimshawishi miaka miwili kabla aache Pepsi aje kuongoza Apple. Bodi ikasimama na Sculley. Jobs, akiwa bado na mamilioni ya hisa, akaachwa bila madaraka, na mwaka huohuo akaondoka. Mkishaanza kupokea fedha za wawekezaji, hesabuni viti vya bodi kwa umakini uleule mnaohesabia hisa.

Hisa zichumwe, zisigawiwe kama pilau ya harusini. Utaratibu uliozoeleka kwa kampuni za teknolojia ni miaka minne: ukiondoka kabla ya mwaka mmoja huna kitu, ukiumaliza unapata robo, kisha zinazobaki unazipata kidogo kidogo kila mwezi. Bila kifungu hicho, mwenzako akipata skolashipu ya Uturuki mwezi wa saba anapanda ndege na nusu ya kampuni mfukoni. Wewe utakesha miaka ukimtajirisha, na mwekezaji atauliza huyu mwanafunzi ni nani. Mtamchukia mtu ambaye hakufanya kosa lolote. Inauma kuona urafiki wa tangu shule ukifa kwa kifungu ambacho kingeandikwa jioni moja.

Mwenye wazo ashukuriwe, apewe na paja la kuku. Hisa za ziada apewe kwa kazi. Mjomba anayejuana na watu wizarani alipwe kwa mkataba aliouleta, na kwa jambo ambalo mnaweza kulisema hadharani.

Usukani wenyewe, siku ya ugomvi, mara nyingi mtaukuta kwenye simu ya mtu. Msimbo wa programu uko kwenye akaunti ya nani? Nywila ya barua pepe iliyosajili tovuti anayo nani? Laini inayopokea malipo, iwe Lipa Namba au Till ya Nairobi, imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani? Katika mkataba wa wanahisa hakikisheni kila kilichoundwa kwa ajili ya kampuni ni mali ya kampuni, benki kuwe na saini mbili, na laini ya malipo iwe kwa jina la kampuni, isiwe ya mchumba wa mmoja wenu.