Kuku Aliyeatamia Kwenye Enanga ya Babu

Ukipita sokoni Nkwenda ukaulizia Babu alikuwa nani, utaambiwa: mpiga enanga. Ukiuliza nyumbani kwake, jibu la kwanza litakuwa kwamba alikuwa baba asiyegusa uzi hata mmoja kabla watoto hawajala. Wilaya ya Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, yeye aliendelea kusema anaishi Karagwe, kwa sababu nyimbo zake zote zilisema hivyo. Mchana alikuwa kwenye kibanja chake, kati ya migomba na mibuni. Ada za shule zilitoka kwenye kahawa. Enanga ilimletea kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, pengine mbuzi akialikwa harusini, na wageni wengi kuliko mikeka iliyokuwepo.

Enanga ni ubao mmoja uliochimbwa kina kidogo, unaotosha kulazwa mapajani. Uzi mmoja hupitishwa huku na huku kwenye meno yaliyochongwa ncha zote mbili, mpaka zipatikane nyuzi saba au nane. Wanyambo wanayo, Wahaya wanayo, na Rwanda na Burundi wanaiita inanga. Ni chombo cha sauti ya chini. Mpigaji akianza kutamba habari za mashujaa na wafalme, walioko uani lazima wanyamaze, na mwanamke anayetwanga lazima aweke mchi chini. Bibi aliuweka mchi chini maisha yake yote ya ndoa.

Mwaka ulipokaribia kutimia tangu tumzike Babu, ukoo ulikubaliana kwamba baada ya misa ya kumbukumbu enanga yake ipigwe palepale uani. Baba Mdogo ndiye aliyejifunza kidogo kwa Babu, kwa hiyo alipewa kazi. Akaingia stoo, akasogeza magunia ya kahawa, akakuta enanga imelala chali. Ndani yake yalikuwa majani makavu ya mgomba, na juu ya majani alikaa kuku kishingo aliyevimba kwa hasira.

"Mama, kuku yuko kwenye enanga ya Tata!"

"Najua," Bibi alijibu kutoka jikoni. "Nilimtandikia mwenyewe. Na haondoki."

Kuku huatamia siku 21. Misa ilikuwa karibu kuliko hapo. Shangazi, aliyekwisha kufika kutoka Kayanga na mabegi yake, alisema ni aibu chombo cha marehemu kugeuzwa kiota. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba nyuzi ziligugunwa na panya msiba ukiwa bado mbichi, ubao ukaanza kuingiwa na mchwa, na hakuna mtoto wake hata mmoja aliyeuliza. Aliutoa chini akauweka juu ya benchi, mahali pakavu, na kuku akapapenda. "Panya hawamsogelei kuku mwenye mayai," alisema. Hapo mjadala ukaisha kwa upande wa wanawake.

Wanaume hawakuridhika. Usiku Baba Mdogo na shemeji yake waliingia stoo wakimulika kwa simu, wamhamishe kuku pamoja na mayai yake kwenye kikapu. Walimshika mkia. Kuku alitoka kwa kishindo, akapita kati ya miguu yao, akaingia jikoni na kukiangusha kibuyu cha rubisi iliyokuwa imeandaliwa kwa wageni. Shemeji aliruka kukiokoa kibuyu, enanga ikamponyoka, ikatua kwenye ukingo wa kinu. Sote tulisikia mti ukipasuka. Mayai yalitapakaa, rubisi ikatiririka mpaka mlangoni, na Bibi akatokea amejifunga kitenge, ameshika koroboi. Hakusema neno. Aliokota mayai matatu yaliyosalia mazima, akayapangusa, akaenda kulala nayo.

Alfajiri tulimkuta anaosha enanga. Aliisugua taratibu, akitoa ute wa mayai kwenye ufa kwa unyoya, na machozi yalikuwa yakimtoka bila kelele. Mayai yale alikwisha kuyapeleka kwa jirani mwenye kuku anayeatamia.

Kazi ya kuitengeneza ikachukua nyumba nzima. Seremala aliubana ufa kwa gundi na vibati vyembamba. Baba Mdogo alitaka nyuzi za kano za ng'ombe, kama alivyotaka Babu, akazipata buchani, akazichambua, akazianika juu ya bati. Paka wa jirani alizila zikiwa bado mbichi. Ikabidi inunuliwe mishipi ya nailoni, ile ya wavuvi. Shangazi aliisokota kwa mikono yake, pamoja na maneno yake yote ya aibu.

Ugumu ulikuwa kwenye kulinganisha sauti. Tulikuwa na rekodi moja ya Babu kwenye simu, lakini ilichukuliwa msimu wa senene, usiku watu wakinyonyoa mbawa na kucheka, na nyuzi zilisikika kwa taabu. Baba Mdogo alikaza, akalegeza, akakaza tena. Sisi tulisema imekaa sawa, kwa kuwa tulitaka kula. Ndipo sauti ikatoka jikoni:

"Wa tatu umepanda."

Bibi alikuwa anamenya ndizi, hata hakuinua kichwa. Baba Mdogo akaulegeza. "Umeshuka mno. Hapo. Sasa wa sita." Akaendelea hivyo, kisu mkononi, mpaka nyuzi zote zikakaa. Halafu, bado anamenya, akaanza kutamba. Alianza pale Babu alipokuwa akianzia, akataja majina ya wafalme na ng'ombe kwa mpangilio, na Baba Mdogo akamfuata kwa vidole vinavyotetemeka. Shangazi, binti yake wa kumzaa, hakuwahi kumsikia akiimba hata ubeti.

Mwanamke na enanga si habari mpya. Mwaka 1861 Wazungu wawili, Speke na Grant, walifika Karagwe kwa Mfalme Rumanyika. Grant alikaa miezi kadhaa kwa sababu ya ugonjwa wa mguu, na katika kitabu chake cha mwaka 1864 ameeleza enanga, ambayo yeye aliiandika nanga, aliyoisikia ikipigwa na bibi kizee: nyuzi sita kati ya saba zilikuwa zimelingana kabisa, ukakosea mmoja tu. Jina la bibi huyo hakuliandika. Nimeifikiria sana habari hiyo, kwa kuwa tumezoea kuhesabu wapiga enanga kwa majina ya wanaume. Babu mwenyewe alimtaja kwa heshima Habibu Selemani, gwiji wa Kihaya aliyefariki mwaka 1993, ambaye Profesa M. M. Mulokozi alimwandikia makala ndefu akimwita wa mwisho wa watambaji. Mulokozi alifanya kazi kubwa ya kuzikusanya tendi za enanga, Rukiza, Kachwenyanja na nyingine, na bila yeye tungekuwa maskini zaidi. Mimi nasema tu kwamba nyuma ya kila mtambaji wa kijijini kulikuwa na mtu aliyeusikia utenzi kila usiku, akiwa na mtoto mgongoni na chungu motoni, na mtu huyo naye anastahili kuulizwa angali hai.

Siku ya misa enanga ilipigwa. Rubisi haikutosha, vibati vililia kidogo kila uzi wa mwisho ulipoguswa, na wazee waliokuja kutoka Isingiro walikaa mpaka giza likaingia. Bibi aliketi mkekani karibu na Baba Mdogo, akimtajia maneno kila aliposahau.

Tangu siku hiyo anawafundisha wajukuu, wavulana kwa wasichana, Jumapili jioni, wakishakula. Ugomvi uliobaki ni mmoja. Kuna mahali katika utenzi Babu alikuwa akiruka jina la mfalme mmoja, na Bibi anasema lilikuwa kosa, kwa sababu alimsikia baba mkwe wake akilitaja. Baba Mdogo hataki liongezwe. Anataka wimbo ubaki kama Tata alivyouacha. Wasichana wanalitaja, wavulana wanaliruka, na kila wakifika hapo enanga inasimama na nyumba nzima inaanza kubishana.