Heko, Mheshimiwa Usingizi Haba

Waheshimiwa wazazi, walimu, wenye baa na wenye vituo vya twisheni wa Kisesa, watoto wa klabu ya afya katika shule moja hapa kwetu wametakiwa kutengeneza bango kuhusu madhara ya kutolala vya kutosha, nami nikaitwa kuwasaidia. Tulitandaza manila sakafuni, tukaanza kuorodhesha madhara. Kadiri orodha ilivyorefuka ndivyo nilivyoona tunamvunjia heshima mtumishi mkongwe wa jamii. Usingizi Haba hana wa kumsemea. Basi nitamsemea mimi.

Nianze na mpinzani wake. Usingizi una rekodi chafu kando ya Ziwa Victoria letu hili. Kati ya 1900 na 1920, malale yaliua watu zaidi ya 250,000 upande wa Uganda, hasa Busoga. Mtu aliumwa na mbung'o, akaanza kusinzia mchana, mwishowe asiamke tena. Msiniulize kwa nini mgonjwa wa malale husinzia mchana na kukodoa macho usiku, sawasawa na darasa la saba. Wakili halazimiki kujibu kila swali.

Mteja wangu, kwa upande wake, ni mzalendo na mchapakazi. Mwenge wa Uhuru, uliowashwa kileleni Kilimanjaro tarehe 9 Desemba 1961, kila unapolala wananchi hukesha. Dagaa wanaotulisha huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa zilizokuwa karabai na sasa ni za sola. Kama wavuvi wangelala saa mbili, Kisesa ingekula mlenda mtupu.

Tena ana baraka za jiografia. Tanzania nzima inafuata saa moja, ila jua halijapata waraka huo. Huku kwetu huchomoza takriban dakika 25 baada ya kuchomoza Dar es Salaam, na utosini hufika karibu saa saba kasorobo. Lakini mtoto wa Kisesa na mtoto wa Temeke wanagongewa kengele saa ileile. Wa kwetu huamka saa kumi na moja, giza bado limetanda, ili afagie uwanja na kuwahi namba. Hizo dakika 25 amezitoa sadaka bila hata kuombwa.

Jioni ndipo ushirikiano wetu unapodhihirika. Mwalimu wa twisheni humshika mtoto mpaka magharibi. Mama humpokea na ndoo ya maji, kisha sufuria za kusugua. Baba hufungulia tamthilia ya Kituruki kwa sauti ya kutosha nyumba tatu, na chumba cha kulala ndiyo hiyohiyo sebule. Tamthilia ikiisha, baa ya barabarani hupokea zamu kwa spika yake, na malori ya Musoma hujazia palipobaki. Saa tano usiku mtoto anajilaza, saa kumi na moja anaamshwa. Hakuna mradi wa maendeleo hapa Kisesa unaochangiwa na watu wote namna hii bila kuitisha kikao.

Na matunda yake? Ingieni darasani saa tano asubuhi. Yupo binti dawati la tatu, kalamu bado iko mkononi. Ameandika "Jibu" kwa mwandiko mzuri, halafu wino ukaanza kuteremka taratibu mpaka pembe ya chini ya daftari, mithili ya njia ya konokono. Hapigi kelele, hamsumbui jirani, haulizi swali gumu. Wanasayansi wanasema ubongo huhifadhi masomo ya mchana wakati wa usingizi. Maana yake asiyelala hubaki mwepesi kichwani, habebi mizigo. Wanasema pia homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi katika usingizi mzito. Hesabuni wenyewe, wazazi, mtakavyookoa katika sare.

Tena si Kisesa peke yake. Mwaka 1964 huko San Diego, Marekani, kijana wa miaka 17 aitwaye Randy Gardner alimaliza saa 264 bila kulala, kwa ajili ya maonyesho ya sayansi ya shule. Kitabu cha Guinness kiliacha baadaye kupokea rekodi za namna hiyo, kikihofia afya za watu. Wivu tu. Sisi tunawakeshesha watoto muhula mzima, na hakuna aliyekuja kutupima.

Turudi kwenye bango. Mwaka 2016 wataalamu wa usingizi wa Marekani walitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Binti mwenye maka peni akafupisha kwa herufi kubwa nyekundu: MTOTO ALALE SAA 9 KILA USIKU. Kijana wa darasa la tano akachungulia mlangoni, akasoma, akafurahi: "Kumbe mimi nawahi! Nalala saa tano tu." Wanaklabu wakataka kufuta. Nikawazuia, kwa kuwa ndiyo sentensi pekee ya bango zima ambayo Kisesa inaweza kuitekeleza.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, Makumbusho ya Bujora, pamoja na ngoma za watemi wa Kisukuma, yaweke dawati moja lililong'aa mahali mashavu yalipolalia. Pili, bango hili lisipelekwe baa, wala twisheni, wala sebuleni kwa mtu yeyote, maana huko kuna watu wazima wanaojua kusoma na wenye uwezo wa kuzima spika. Libandikwe darasani, juu ya ubao, wasome wale wasio na mamlaka hata ya kusogeza kengele.